Mbona Hukuniuliza?

"Mwanangu, kazi umefanya nzuri. Lakini mbona hukuniuliza?"

Mama mwenye stesheni, yaani duka la kopi na kuprinti, pale Nyegezi, Mwanza, aliniambia hivyo akiwa nyuma ya kaunta, mkono mmoja unapokea hela ya kopi, mwingine unachomoa karatasi iliyojikunja ndani ya printa. Hakuwa na hasira. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ikabidi apaze sauti, na wanafunzi wanne walikuwa wamejibanza mlangoni wakisubiri zamu.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeondoa Windows, ile programu kuu inayoendesha laptop yake (mfumo endeshi), na kumwekea nyingine iitwayo Linux. Nilikwenda pale kusikia shukrani.

Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Nikalipia kopi zangu, nikapanda daladala kurudi mjini. Tangu hapo swali lake halijanitoka. Linanirudia kazini, kwenye foleni ya Buzuruga, hata kanisani.

Nimeandika sana hapa kuhusu haki ya mtu kuchagua mfumo endeshi wa kifaa alichokinunua kwa hela yake. Haki hiyo naiamini hadi leo kwa moyo wote. Ila yule mama alinionyesha kwamba nusu yake nilikuwa sijaielewa.

## Mashine "iliyokufa"

Pale mtaani wote tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata sisi tusio Wasukuma. Stesheni yake ni fremu moja: mashine ya kopi, printa, kabati la madaftari na kalamu, na hiyo laptop. Aliinunua ikiwa mtumba mwaka 2021 kwa laki tano na nusu. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Intel i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8. Betri yake haishiki chaji hata dakika tano, kwa hiyo haichomolewi ukutani. Kitufe cha herufi N kimefutika kabisa. Ndiyo inayolipa kodi ya fremu na ada ya watoto wawili.

Oktoba 14, 2025 ndiyo siku ambayo Microsoft ilimaliza msaada wa bure, yaani masahihisho na ulinzi, kwa Windows 10. Mayu hakujua tarehe hiyo. Alichoona ni matangazo yanayojitokeza kwenye kioo katikati ya kazi, kwa lugha asiyoisoma vizuri, yakimwambia jambo kuhusu mwisho. Akaogopa. Akafunga fremu mapema siku moja, akaipeleka kwa fundi mjini, mitaa ya Makoroboi.

Fundi akajaribu kupandisha Windows 11. Kioo kikaandika kwamba kompyuta hii haiwezi. Si ajabu: Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha ya prosesa zinazokubaliwa inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Ya Mayu ni ya sita.

"Mama, hii imekufa," fundi akamwambia. "Tafuta nyingine."

Imekufa.

Laptop ambayo asubuhi ileile ilikuwa imeprinti tasnifu mbili na fomu za kanisa zima.

Aliponisimulia, damu ilinichemka. Simlaumu fundi, maana na yeye kaambiwa na kioo. Kilichonichoma ni ile hali ya mtu kununua kitu, akakitunza, akakifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akaambiwa kimekufa na hali kinapumua. Vyuma vyake ni vizima, diski ni nzima, kibodi inafanya kazi ukiacha hiyo N. Kilichoisha ni ahadi ya kampuni iliyo mbali, na Mayu hakuwahi kuulizwa ahadi hiyo idumu muda gani.

"Mayu, niachie Jumamosi na Jumapili," nikamwambia. "Jumatatu utaikuta nzima."

Nilihamisha mafaili yake yote kwenye diski ya nje. Nikapiga Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Nikafuta Windows yote, sikubakiza kitu. Kuhangaika na printa kulinimalizia nusu siku mpaka nikapata draiva yake, ile programu inayoifanya ielewane na kompyuta. Usiku wa Jumapili laptop ilikuwa inawaka haraka kuliko nilivyowahi kuiona, na nilifurahi kama mtu aliyefufua mgonjwa.

Jumatatu nilimwonyesha kwa dakika kumi hivi. Hapa pa kuandikia, hapa pa kuprintia, hapa intaneti. Akaitikia, "Haya, mwanangu." Nikaondoka.

## Ukurasa wa 34

Kilichotokea katika zile wiki tatu nilikuja kukijua baadaye.

Mwanafunzi alileta tasnifu yake kwenye flashi, imeandikwa kwa Word. Mayu akaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, maana ndiyo niliyomwachia. Ilifunguka. Kwa macho ilikuwa ileile. Akaprinti nakala tatu, akazibana, msichana akalipa akaenda. Baada ya saa moja akarudi analia. Yaliyomo yalisema Sura ya Tatu inaanza ukurasa wa 34, na kwenye karatasi ilikuwa imeanza wa 36. Jedwali moja lilikuwa limekatika katikati, kichwa chini ya ukurasa mmoja na mwili juu ya unaofuata. Mwisho wa kukusanya ulikuwa saa kumi jioni.

Nimekuja kuelewa ilikuwaje. Mwanafunzi alitumia mwandiko (fonti) wa Calibri, ambao Linux haiji nao. Programu ikaweka mwandiko mwingine mahali pake, mistari ikarefuka kidogo, kurasa zikasukumana. Ni jambo dogo lenye dawa. Ipo seti ya herufi za bure iitwayo Carlito, iliyopimwa ilingane na Calibri upana kwa upana, na ukiiweka kurasa hutulia. Mimi nilijua. Sikuiweka, kwa sababu kwenye kompyuta yangu siandiki tasnifu za watu.

Mayu alirudisha hela ya nakala tatu, akamlipia yule msichana aprinti stesheni ya jirani. Hakunipigia simu.

Siku ile ya mvua ndiyo alinisimulia, kwa utulivu kabisa, na mwisho akauliza lile swali lake.

## Wachaguzi watatu

Nilipofika nyumbani nilianza kuhesabu. Nani amewahi kuchagua kitu kwenye laptop ile?

Kiwanda kilichagua. Ilitoka ilikotoka ikiwa na Windows ndani, na bei ya leseni ilikuwa imo kwenye bei ya mashine. Fundi akachagua, kila alipoipiga upya. Kisha nikaja mimi na flashi yangu mfukoni na hotuba yangu ya uhuru, nikachagua wa tatu.

Mayu, aliyelipa laki tano na nusu, hakuwahi kuchagua hata mara moja.

Na mimi ndiye mbaya zaidi kidogo kuliko wale wawili, kwa sababu kiwanda hakikuwahi kumwambia kwamba kinamkomboa.

Nimezoea kusema hapa kwamba mtengenezaji anapokuwekea mfumo bila kukuuliza anakunyima haki yako. Nilimaanisha. Sasa nilikuwa nimefanya jambo lilelile kwa mtu ninayempenda na kumheshimu, na nilikuwa nimelifanya kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba chaguo langu ni zuri. Hata kiwanda kina hakika hiyo.

## Neno "bure" halina kazi hapa kwetu

Kuna kingine nilichokuwa nakikosea miaka yote. Nilipokuwa nashawishi watu watumie Linux nilianza na bei: ni bure. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ni bure tangu Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoianzisha 2004. Mint ni bure. Kiini chenyewe cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ni bure.

Watu wa Mwanza wananitazama tu.

Kwao Windows nayo ni bure. Unampelekea fundi, anakupigia Windows kwa elfu ishirini, na hiyo elfu ishirini ni ya mikono yake. Leseni ni neno ambalo halijawahi kuingia kwenye mazungumzo. Ukimwambia mtu achague kati ya mifumo miwili ambayo yote haina bei, atachukua anaoujua, na ana haki.

Kwa hiyo hoja ya bei naiacha. Kinachobaki ni nani anayeamua, na hapo msimbo wazi, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadili kwa ndani, una la kusema. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakumngoja mwenye mali aone kama soko la Waswahili linamlipa. Msimbo ulikuwa wazi, wakaukalia, wakatafuta neno moja baada ya jingine. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa kijana mdogo, na nilikaa nafungua menyu na kuifunga, nafungua na kufunga, kwa sababu sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kompyuta inaweza kunisemesha kwa lugha ninayoitumia kuzungumza na mama yangu.

Hicho ndicho nilichopaswa kumwambia Mayu Jumatatu ile. Nilimpa dakika kumi za "bofya hapa".

## Saini ni ya nani

Wapo watakaosema: basi si unaona, mtu ana uhuru, tatizo ni ujuzi. Kwa laptop ya Mayu ni kweli kwa sehemu kubwa. Nilibonyeza kitufe ikiwa inawaka, nikaiambia ianzie kwenye flashi, ikakubali.

Ila hata pale palikuwa na kitu. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, kompyuta nyingi zinakuja na ulinzi uitwao Secure Boot. Mashine ikiwaka inakagua saini ya kitu kinachotaka kuiendesha, na kisicho na saini inayotambulika hakipiti. Kusudi lake ni jema, maana wapo virusi wanaojificha chini kabisa na kuamka kabla ya mfumo wenyewe. Lakini saini inayotambulika kwenye karibu kila kompyuta ya dukani ni ya Microsoft. Linux Mint yangu ilipita kwa sababu kipande chake cha kwanza kimesainiwa na Microsoft. Yaani nilitoka kwa mlango ambao funguo zake anazo mwenye nyumba niliyokuwa naihama.

Kwa kompyuta za kawaida Microsoft iliwataka watengenezaji wakati ule wamwachie mwenye mashine uwezo wa kuzima ulinzi huo. Kwa tableti za Windows RT, mwaka uleule, agizo lilikuwa kinyume: usizimike. Kampuni ileile, teknolojia ileile, na tofauti kati ya mlango na ukuta ilikuwa mstari mmoja kwenye masharti ambayo mnunuzi hayaoni.

Na mlango unaweza kuzibwa ukiwa umeshahamia. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, Sony iliiuza ikiwa na nafasi ya kuweka mfumo mwingine, na watu wakaweka Linux. Wapo watafiti waliozinunua na kuziunganisha zifanye hesabu kubwa. Aprili 1, 2010 ikaja apdeti iliyoondoa nafasi hiyo. Ungeweza kuikataa, lakini ukiikataa huingii tena kwenye mtandao wao wa michezo. Chagua unachotaka kupoteza kati ya viwili ulivyovilipia. Wateja Marekani walishtaki, na baada ya miaka mingi kesi ikaisha kwa maelewano na fidia.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Italia. Mtu alinunua laptop ya Lenovo, hakuitaka Windows iliyomo, akaomba arudishiwe hela ya leseni kama masharti yenyewe yanavyoruhusu. Ilikuwa yuro 42. Akazungushwa. Akaenda mahakamani, akashinda, kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2020 mahakama ya Monza ikaamuru alipwe yuro 20,000 kwa vile alivyosumbuliwa. Ninapoisoma sifikirii zile elfu ishirini. Nafikiria yuro 42, na mtu aliyeona zinatosha kusimama nazo mbele ya hakimu.

Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji asidanganywe na muuzaji. Ilitungwa kabla ya iPhone ya 2007 na kabla ya simu ya kwanza ya Android ya 2008. Muuzaji akikudanganya kuhusu bidhaa inajua la kufanya. Kifaa ambacho mwenye nacho haruhusiwi kufungua ndani yake ni jambo jingine.

## Simu ya shangazi

Ningeweza kuishia hapo, nikaenda kumwomba Mayu msamaha. Katikati ya wiki hizo shangazi yangu akanipigia.

Shangazi anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwaka juzi alichukua simu janja ya mkopo: kianzio, kisha elfu moja na mia nane kila siku kwa mwaka mzima. Anapohitaji kujua bei ya Dar anatuma picha ya dagaa kwa mteja wake Manzese, wanaelewana kabla gunia halijafungwa. Simu hiyo imembadilishia biashara. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya usahau.

Kulikuwa na msimu wa mvua ambapo dagaa hazikukauka siku tano mfululizo. Zilioza juu ya chanja. Hakuwa na elfu moja na mia nane. Asubuhi ya siku ya pili simu ikajifunga: kioo kikawa na maandishi ya deni na namba ya kulipia, basi. Namba za wateja wake zilikuwa humo ndani. Akakopa kwa jirani, akalipa, ikafunguka.

Hilo hakulilalamikia. "Deni ni deni, baba," aliniambia. Baba ndiyo mimi. Ana haki ya kuniita hivyo kwa sababu nina jina la babu.

Alichonipigia ni kingine. Alikuwa amemaliza kulipa. Ujumbe wa pongezi upo, nimeusoma. Siku tisa baada ya pongezi, simu ikajifunga tena.

Kampuni ilisema ni hitilafu, na siku ya pili wakaifungua. Lakini ile programu ya kufunga ilibaki ndani. Haifutiki. Ukienda kwenye mipangilio kitufe cha kuiondoa kimepauka, ukikigusa hakiitiki. Shangazi alikuja nyumbani Jumapili akaiweka simu mezani, mbele ya sahani yangu.

"Baba, waondoe hawa watu kwenye simu yangu."

Sikuweza.

Nilijaribu kila ninachokijua. Kwenye laptop ya Mayu nilibonyeza kitufe nikaingia. Kwenye simu, kinachosimama mlangoni ni butloda, ile programu ndogo ya kwanza inayoamua nini kiwashwe, na kwenye simu ya shangazi imefungwa. Wapo watengenezaji wanaokupa namba za siri za kuifungua ukiwaomba, wengine wanakungojesha siku kadhaa. Huawei walikuwa wakizitoa, wakaacha mwaka 2018. Wa simu ya shangazi hawatoi. Fundi wa Makoroboi aliniambia anaweza kuifleshi kwa njia zake, elfu ishirini na tano, "ila ikizima mazima usinidai." Shangazi akakataa, na angekuwa mjinga kukubali.

Nilimweleza kwamba simu ni yake kwa risiti, ila ufunguo wa ndani hakupewa.

Alikaa kimya akiigeuza mkononi. Baba yake, babu yangu, alikuwa mvuvi wa Ukerewe. Alisema: "Babu yako alinunua mtumbwi kwa mafungu. Mwenye mtumbwi alikuwa anakuja pwani kila jioni kuangalia samaki wake, kwa sababu bado anadai. Siku alipomaliziwa alifungua kamba yake mwenyewe kwenye ule mti akaondoka nayo. Babu yako akaleta kamba yake."

Kisha akaomba chumvi.

Nimewaza sana juu ya ile kamba. Siwezi kusema kifuli cha mkopo ni uonevu tangu mwanzo. Bila hicho kifuli hakuna ambaye angempa muuza dagaa asiye na hati wala mshahara simu ya laki tatu na nusu, na angebaki na kitochi. Hata kufungwa kwa butloda kuna faida, maana simu ikikwapuliwa stendi mwizi anapata tabu kuigeuza yake. Nimekubali hayo baada ya kuyakataa kwa muda mrefu. Ninachokidai sasa ni kidogo kuliko nilivyokuwa nadai zamani, na nakidai kwa nguvu zaidi: malipo yakiisha, kamba ifunguliwe. Programu itoke. Mwenye simu akitaka namba ya siri ya butloda apewe, aitumie au aiweke kabatini na hati ya kiwanja. Shangazi huenda asiweke mfumo mwingine maishani mwake. Babu naye hakuwahi kuupaka mtumbwi rangi nyingine.

## Nyegezi tena

Jumapili iliyopita nilirudi kwa Mayu baada ya ibada, fremu ikiwa imefungwa. Nilimwamkia, nikamwomba msamaha kwanza. Akanikaribisha soda.

Kisha nikauliza. Nilimweleza yote, polepole, kwa saa moja na nusu. Kwamba Windows 10 inarudi tukitaka. Kwamba ipo nyongeza ya mwaka mmoja ya ulinzi, hadi Oktoba 13, 2026, na njia mojawapo ya kuipata bila kulipa ni kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe kwao. Kwamba Linux inaweza kubaki peke yake nikiweka zile herufi. Kwamba vyote viwili vinaweza kukaa kwenye diski moja, na yeye achague kila anapowasha.

Nilidhani nitalazimika kumsaidia kufikiri. Alikuwa na daftari.

Katika zile wiki alikuwa ameandika, kwa kalamu nyekundu, upande mmoja yaliyomkera na upande mwingine yaliyomfaa. Upande wa kwanza: tasnifu za Word, na fomu moja ya Excel ya kikundi chao cha kuweka na kukopa iliyokataa kujumlisha. Upande wa pili kulikuwa na jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa. Flashi za wanafunzi zimejaa virusi. Unaijua ile ya mafolda yote kugeuka njia za mkato, ukibofya hakuna kitu, mwanafunzi anapiga kelele kwamba kazi yake imepotea. Kwenye Linux mafaili yale yanaonekana. Yapo, upande wa Windows yamefichwa tu. Mayu aligundua mwenyewe, kwa kubofyabofya, akaanza kuwatolea watu mafaili yao kwa shilingi elfu mbili. Habari zilikuwa zimefika hosteli.

"Hii ya kwako naitaka kwa flashi," alisema. "Ya zamani naitaka kwa tasnifu. Kwa akaunti yao niingize, sina siri. Ila unionyeshe ninavyoandika neno la siri, nisikutafute."

Tulikaa mpaka saa moja usiku. Windows ilipomaliza kupanda, ikajitambua yenyewe: leseni halali ilikuwamo ndani ya mashine tangu kiwandani. Nilimwambia Mayu. Akahesabu kwa vidole mara alizompelekea fundi, akatikisa kichwa, hakusema neno.

Niliweka Carlito pia upande wa Linux. Tulifungua tasnifu ya yule msichana, bado ilikuwepo. Sura ya Tatu, ukurasa wa 34.

Mwisho kukabaki kile kioo cheusi cha mwanzo chenye majina ya mifumo, kinachokungoja sekunde kumi kabla ya kujiamulia. Nilimwuliza upi ukae juu.

"Wa tasnifu juu. Na sekunde hazitoshi, mimi nakuwa na mteja."

Nikaweka sitini. Akachukua karatasi, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akaikata kwa mkasi na kuibandika kwa selotepu chini ya kioo, pale juu ya kibodi:

JUU – WORD. CHINI – FLASHI. MSHALE, KISHA ENTA.

Akaizima, akaiwasha tena, akaniambia nisiguse.